Jalada na Yaliyomo: Kwa Nini Nakusanya Majarida ya Upelelezi

Kila mgeni anayeingia ofisini kwangu kwa mara ya kwanza huishia kulitazama kabati moja la kioo lililo nyuma ya mlango, na karibu wote huuliza swali lile lile, ila kila mmoja kwa adabu yake. Wanafunzi husema, "Mwalimu, haya nayo ni ya somo gani?" Rafiki yangu mmoja, mtumishi wa serikali wa siku nyingi, hakuzunguka. Alisema, "Ndugu yangu, wewe unayetukemea kila wiki juu ya kasumba, hii nayo tuiiteje?"

Ndani ya kabati hilo mna majarida arobaini na mawili ya hadithi za upelelezi yaliyochapwa Marekani kati ya miaka ya 1920 na 1940. Majalada yake, kwa yale ambayo bado yanayo, yana rangi za kupiga kelele: nyekundu ya damu mbichi, njano, kijani cha sumu. Mwanamke amefungwa kamba kwenye kiti. Mkono wenye bastola umetokeza nyuma ya pazia. Uso wa mtu mwenye kucha ndefu umeinama juu ya mshumaa, na mchoraji amehakikisha kwamba hata mtazamaji aliye ng'ambo ya barabara atajua mtu huyo katoka bara gani.

Swali la rafiki yangu ni la haki, na sijapata kulijibu kwa maandishi. Nitajaribu hapa.

Nianze na karatasi, kwa kuwa mambo yote yametoka huko. Mwaka 1896 mchapishaji mmoja wa New York, Frank Munsey, aliligeuza jarida lake, The Argosy, likawa la hadithi tupu, akalichapa kwenye karatasi ya bei ya chini kabisa iliyotengenezwa kwa rojo la mbao. Kutokana na rojo hilo majarida ya namna hiyo yakaitwa palpu, na jina likashika. Mwaka 1915 kampuni ya Street & Smith ilianzisha Detective Story Magazine, ambalo lilikuwa palpu la kwanza kushughulikia upelelezi peke yake. Mwaka 1920 likaja Black Mask. Waanzilishi wake, H. L. Mencken na George Jean Nathan, walilianzisha kwa nia moja tu ya kupata fedha za kuliendesha jarida lao la kisomi, The Smart Set, wakaliuza baada ya muda mfupi kwa faida. Mencken hakuwahi kujivunia mtoto huyo. Waandishi walilipwa kwa kuhesabiwa maneno, na senti moja kwa neno ndiyo iliyokuwa kipimo cha kawaida. Msomaji alitoa senti kumi, kumi na tano au ishirini.

Karatasi ya rojo ina tindikali ndani yake. Hugeuka njano, kisha kahawia, kisha hukatika kama mkate mkavu. Jarida lilitengenezwa lisomwe kwa juma moja na kutupwa, na hakuna aliyefikiri kwamba mhadhiri wa Dar es Salaam angelifungua miaka themanini baadaye akishika pumzi. Lakini jalada lilikuwa jambo jingine kabisa. Lilichapwa kwenye karatasi nyororo inayong'aa, kutokana na picha iliyochorwa kwa rangi za mafuta kwenye turubai, na mchoraji alilipwa mara moja, basi. Picha yenyewe ilibaki ghalani kwa mchapishaji. Matokeo yake ni kitu cha ajabu kidogo kukishika mkononi: uso bado kijana, tumbo linaoza.

Mimi nilikutana na hadithi hizi kwa njia ya kinyume. Nilikuwa shule ya bweni miaka ya 1980, na kitabu kilichotawala bwenini kilikuwa cha James Hadley Chase. Huyu alikuwa Mwingereza, jina lake halisi René Raymond, aliyeandika juu ya majambazi wa Marekani kwa msaada wa ramani na kamusi za misimu, na mtindo wake aliunyonya moja kwa moja kwenye palpu. Jalada la Chase, kwa sheria za shule yetu, lilikuwa kosa la nidhamu. Picha ya mwanamke aliyevaa kidogo ilitosha kukupeleka mbele ya mwalimu wa zamu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwenye kitabu ilikuwa kulichana jalada, au kulifunika kwa karatasi ya kaki na kuandika juu yake, kwa mwandiko wa mwanafunzi mwema, Biolojia, Kidato cha Tatu. Nilisoma vitabu kama kumi na vitano vya Chase kabla sijaliona jalada lake hata moja.

Miaka ya 1990 nilipelekwa masomoni Chicago. Alasiri moja ya Januari niliingia duka la vitabu vya mitumba kuikimbia baridi, na chini ya meza nikaona kisanduku cha majarida, kila moja ndani ya mfuko wake wa plastiki. Nikachukua toleo la Dime Detective la katikati ya miaka ya 1930, bei dola nane. Muuzaji, mzee mpole sana, akanionya nisiufungue mfuko, kwani thamani ingeshuka. Nikamwuliza nitalisomaje. Akacheka kwa wema, akasema watu hawanunui haya ili wayasome.

Jambo hilo lilinikaa kichwani, na ndilo lililonifanya mkusanyaji. Sisi kule bwenini tulikuwa na yaliyomo bila jalada, na wao walikuwa na jalada bila yaliyomo. Nilihisi kwamba kila upande ulikuwa umepoteza nusu ya ushahidi, na kwamba mtu angeweza kujifunza jambo fulani juu ya siasa za nchi ile kwa kuziweka nusu hizo mbili pamoja.

Tuanze na nusu ya nje. Chukua jalada la toleo la kwanza la The Shadow, la mwaka 1931. Wahariri wa Street & Smith hawakutaka kulipia picha mpya, wakachimbua ghalani mchoro uliokwisha kutumika mwaka 1919 kwenye jarida jingine la kampuni hiyo hiyo, The Thrill Book, kwa sababu tu ulikuwa na kivuli kikubwa ukutani. Tatizo likawa kwamba mtu aliyechorwa alikuwa Mchina, na katika hadithi aliyokuwa akiiandika Walter Gibson hapakuwa na Mchina. Gibson akaambiwa aingize Wachina. Ndivyo ilivyokuwa mara nyingi katika biashara ile: picha ilitangulia, hadithi ikafuata nyuma kama mkia. Marekani ilikwisha kupiga marufuku uhamiaji wa wafanyakazi wa Kichina tangu mwaka 1882, na kufikia 1935 na 1936 yalikuwapo majarida mazima, kama The Mysterious Wu Fang na Dr. Yen Sin, yaliyoishi kwa kuuza hofu ya mtu wa Asia. Palpu halikuibuni hofu hiyo. Liliifupisha tu mpaka ikaenea kwenye kipande cha karatasi cha inchi saba kwa kumi.

Sasa, aliyechora picha ile ya kivuli aliitwa Modest Stein, na hapa ndipo ninapowaomba wanaharakati wanaosoma ukurasa huu wasogeze viti. Jina lake la awali ni Modest Aronstam. Alikuwa Myahudi aliyehamia kutoka Kovno katika himaya ya Urusi, binamu yake Alexander Berkman, na mwenzi wa Emma Goldman katika kile kikundi chao cha vijana wa kianakisti cha New York, waliopinga dola na ubepari kwa pamoja na walioshirikiana chumba, chakula na fedha. Julai 1892, katika mgogoro wa wafanyakazi wa chuma wa Homestead, Pennsylvania, kampuni ya Carnegie chini ya Henry Clay Frick ilileta walinzi kama 300 wa kampuni ya upelelezi ya Pinkerton, na watu wakafa pande zote mbili. Berkman alikwenda Pittsburgh akampiga Frick risasi. Frick akapona, Berkman akakaa kifungoni miaka 14. Stein naye alisafiri kwenda Pittsburgh akikusudia kuikamilisha kazi ya binamu yake, kisha akarudi bila kuifanya. Miaka ikapita, akawa mchoraji wa majalada mwenye kipato kizuri, na Goldman na Berkman walipokuwa uhamishoni alikuwa akiwapelekea fedha.

Najua wapo watakaomcheka: mwanamapinduzi wa 1892, mpamba majalada wa 1919. Mimi simcheki. Lakini siwezi pia kuacha kuona kwamba mkono uliokuwa tayari kumuua tajiri kwa ajili ya wafanyakazi ndio huo huo uliochora Mchina wa kutisha ili wafanyakazi watoe senti zao. Elimu ya tabaka haikumfikisha mtu huyo kwenye elimu ya rangi. Tunao wengi wa namna hiyo hata leo, na si Marekani tu.

Nusu ya ndani ina mtu wake pia, na yeye alitoka upande wa pili wa Homestead. Mwaka 1915 kijana wa Maryland aitwaye Dashiell Hammett aliajiriwa na Pinkerton, kampuni ile ile. Alifanya kazi huko kwa vipindi kadhaa, akaugua kifua kikuu, akaanza kuandika. Oktoba 1923 Black Mask lilichapa hadithi yake ya kwanza yenye mpelelezi asiye na jina, mtu mnene wa makamo ambaye kazi kwake ni kazi. Kati ya Novemba 1927 na Februari 1928 jarida hilo hilo lilichapa kwa mfululizo kisa ambacho mwaka 1929 kilitoka kama kitabu, Red Harvest. Tajiri wa mji wa machimbo anaajiri majambazi waje kuuvunja mgomo wa wachimbaji. Mgomo unavunjika. Kisha majambazi hawaondoki. Wanagawana mji, polisi, benki na magendo, na tajiri anajikuta mateka wa watu aliowaleta mwenyewe. Nimewafundisha wanafunzi wa mwaka wa pili nadharia za dola kwa vitabu vizito vya watu wenye ndevu, na bado sijapata maelezo yanayoeleweka haraka kuliko hayo juu ya kile kinachotokea mwenye mali anapokodi mabavu.

Kisa hicho kiliuzwa kwa senti chache kwenye vibanda vya magazeti, kimefungwa ndani ya jalada la bastola na moshi. Kwa muda mrefu niliwaeleza wanafunzi kwamba jalada lilikuwa kama ushuru: andishi lililipa ili liruhusiwe kupita sokoni. Lipa kwa bastola, lipa kwa sketi iliyochanika, kisha sema unalotaka ndani.

Miaka michache iliyopita mwanafunzi mmoja wa kike alinyoosha mkono. Akauliza, "Samahani, Mwalimu. Ushuru huo alilipa nani?"

Darasa lilinyamaza. Akaendelea kwa utulivu kwamba mwandishi hakulipa kitu, mchapishaji hakulipa kitu, na msomaji alipata burudani mara mbili. Aliyelipa ni yule aliyefungwa kwenye kiti, na yule mwenye kucha ndefu. Nilimpa alama za juu muhula ule kwa sababu nyingine, lakini kama angeshindwa mitihani yote ningetafuta namna. Tangu siku hiyo natumia mfano wa ushuru pamoja na swali lake, na nimeona kwamba swali hufundisha zaidi. Tulipochimba pamoja tulikuta mambo yanayochanganya. Kwa mfano, kati ya 1936 na 1940 mhariri wa Black Mask alikuwa mwanamke, Fanny Ellsworth. Spicy Detective, lililoanza 1934 na ambalo majalada yake siyaonyeshi darasani bila maelezo marefu, lililazimika kuanza mwaka 1943 kwa jina la Speed Detective baada ya shinikizo la wasimamizi wa maadili, akiwamo Meya wa New York, Fiorello La Guardia. Wakubwa walikasirishwa na mapaja. Hakuna meya niliyesoma habari zake aliyepiga marufuku jalada kwa sababu ya kumdhalilisha Mchina.

Liko jambo lingine ambalo kila mara hulifikia kwa uzito. Toleo la Black Mask la Juni 1, 1923 lilitengwa mahususi kwa ajili ya Ku Klux Klan, chama cha Wazungu waliokuwa wakiwatesa na kuwaua Weusi, na ambacho miaka ile kilikuwa na wanachama kwa mamilioni. Humo Carroll John Daly aliandika hadithi ambayo mpelelezi wake, Race Williams, anapambana na Klan. Lakini jarida lenyewe lilikataa kuchukua msimamo. Lilifungua uwanja wa wasomaji, wanaokiunga mkono chama na wanaokipinga, na mjadala ukaendelea kwa matoleo kadhaa huku mauzo yakitunzwa. Msomaji anayefuatilia vyombo vya habari vya zama zetu hahitaji nimchoree mstari. Upande mmoja watu wananyongwa, upande wa pili kuna maoni, na mhariri amekaa katikati akihesabu nakala. Toleo hilo sinalo. Bei yake ni ya watu wenye mashamba. Nimelisoma kwa nakala ya picha, na ndilo ninalolitumia zaidi kuliko yote yaliyomo kabatini.

Hammett hakukaa katikati. Mwaka 1951 alifungwa kwa kudharau mahakama, kwa kuwa alikataa kuwataja watu waliochangia mfuko wa dhamana wa Civil Rights Congress, ambao yeye alikuwa mmoja wa wadhamini wake. Mwaka huo huo Black Mask lilikufa. Mwaka 1953 aliitwa mbele ya kamati ya Seneta Joseph McCarthy, wakati vitabu vyake vikiondolewa katika baadhi ya maktaba ambazo serikali ya Marekani iliziendesha nchi za nje. McCarthy alimwuliza kama yeye, lau angekuwa anapambana na ukomunisti, angenunua vitabu vya wakomunisti kwa fedha za umma. Hammett alimjibu kwamba lau angekuwa anapambana na ukomunisti, basi asingewapa watu vitabu vya aina yoyote. Watumishi wa umma wanaopenda kuniandikia barua za kunisahihisha, nawaomba mlitafakari jibu hilo kabla ya kikao chenu kijacho cha bajeti ya maktaba.

Na huwezi kumaliza habari hii bila Chester Himes. Alikuwa Mmarekani Mweusi aliyefungwa Ohio tangu 1928 hadi 1936 kwa ujambazi wa kutumia silaha, akalisoma Black Mask humo gerezani, akaanza kuandika akiwa mfungwa. Nchini kwake hakupata pa kusimama. Alihamia Ufaransa, na ni huko Paris, katika mfululizo wa Série Noire wa Gallimard, ndipo wapelelezi wake wawili Weusi wa Harlem walipozaliwa, na mwaka 1958 akapata tuzo kubwa ya Wafaransa ya riwaya za upelelezi. Aliuchukua mtindo ambao majalada yake hayakumfikiria kabisa, akautumia kuandika mtaa wake. Ninapoulizwa juu ya kasumba, mara nyingi hujibu kwa kumtaja Himes na kunyamaza.

Maana hata sisi tulifanya hivyo, kwa namna yetu. Kabati langu lina rafu ya chini ambayo wageni hawaioni kwa sababu haina rangi. Humo mna nakala saba za African Film, jarida la hadithi za picha za kamera lililotolewa na Drum kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuuzwa Afrika Magharibi na huku kwetu. Shujaa wake ni Lance Spearman, aliyeigizwa na Jore Mkwanazi: kofia ya panama, tai ya kipepeo, sigara nene, gari la michezo. Picha zilipigwa kusini mwa Afrika, chini ya kivuli cha ubaguzi, lakini ndani ya hadithi mna nchi ya Kiafrika iliyo huru, kapteni wa polisi ni Mweusi, benki ina wateja Weusi, na jambazi pia ni Mweusi. Jambazi Mweusi anayekamatwa na mpelelezi Mweusi kwa amri ya dola lisilo na Mzungu! Kijana wa Manzese au Kariakoo wa mwaka 1970 alilinunua jambo hilo kwa fedha yake ya mfukoni, tena bila semina ya kumwelimisha. Pamoja na hayo ninayo Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, iliyotoka 1965, na vipande vya Film Tanzania, jarida lake la hadithi za picha kwa Kiswahili. Nasema vipande kwa sababu nilivikuta vimefungia karanga, na muuza karanga alinitoza bei ya karanga.

Hapo ndipo lilipo jambo linaloninyima usingizi, kwa kuwa nastaafu baada ya miaka miwili na ofisi hii ina mwenyewe anayeisubiri.

Huko Marekani walitupa vyao kwa uzembe mkubwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili karatasi ilikusanywa kwa wingi kwa ajili ya vita, na majarida mengi yakaenda na maji. Street & Smith ilifunga palpu zake karibu zote mwaka 1949. Kampuni ya Condé Nast ilipoinunua mwaka 1959 ilirithi pia michoro ya majalada, na wakusanyaji husimulia kwamba ilipokosa wa kuinunua, mingi iliwekwa kando ya barabara pamoja na takataka. Walijirekebisha wakiwa wamechelewa: mkusanyaji mmoja, Robert Lesser, aliokoa michoro kwa miaka mingi, Jumba la Makumbusho la Brooklyn likaionyesha mwaka 2003, na mkusanyiko wake sasa uko katika jumba la sanaa la New Britain, Connecticut. Kwa hiyo jalada la Marekani limepata mtetezi. Limempata kupita kiasi. Siku hizi zipo kampuni zinazolipima jarida, zikalipa alama, zikalifungia moja kwa moja ndani ya sanduku la plastiki ngumu lisilofunguka. Kinachonunuliwa ni uso na namba. Red Harvest inaweza kuwamo humo ndani na mwenye mali asijue mpaka afe.

Nilipokea mwaka jana barua pepe ya mkusanyaji mmoja wa Ulaya akitaka kuninunulia Dime Detective langu la dola nane pamoja na mengine sita. Fedha aliyoitaja ingelipa ada ya mwanangu wa mwisho kwa mwaka mzima, na mke wangu, ambaye kwa miaka thelathini ameyaita majarida haya "wale wake wenza", alinikumbusha hivyo kwa upole usio wa kawaida. Mnunuzi aliongeza kwamba angeyapeleka yote yakafungiwe. Kuhusu rafu ya chini hakuuliza. Wiki hiyo hiyo maktaba moja ya taasisi ya elimu, ambayo nilikuwa nimeiandikia nikiomba wazipokee African Film na riwaya zetu bure kabisa, ilinijibu kwamba sera yake ya makusanyo haihusishi machapisho ya burudani. Kwa hiyo katika juma moja nilijua bei ya kabati langu: rafu za juu zina thamani ilimradi zisisomwe, na rafu ya chini haina thamani hata ikisomwa.

Sikumwuzia. Mama watoto na mimi tulipiga hesabu mara tatu, tukaona ada itapatikana kwa kuuza kiwanja kidogo ambacho hata hivyo kilikuwa kinatuletea kesi na jirani. Majarida yatakwenda pamoja na rafu ya chini kwa yeyote atakayekubali vyote viwili, na sharti langu ni moja: yafunguliwe. Najua maana ya sharti hilo. Kila linapofunguliwa jarida la mwaka 1934, vipande vya kahawia hubaki mezani, na mwishoni mwa kila kipindi hufagia kwa kiganja kile ambacho sitaweza kukirudisha. Nimekadiria kwamba Dime Detective langu litahimili madarasa kama ishirini zaidi. Wenzangu wa uhifadhi wananishauri nilipige picha kurasa zote kwanza, na vijana wawili wa mwaka wa tatu tayari wanaifanya kazi hiyo jioni, kwa simu zao na taa ya mezani, ukurasa kwa ukurasa, wakianza na rafu ya chini kwa kuwa hiyo haina nakala nyingine tunayoijua sisi. Majalada sijapata kuyaweka kwenye fremu ukutani, na sitayaweka. Yatabaki yameshikamana na kurasa zake, ili anayetazama uso alazimike kushika na tumbo.

Alhamisi ya wiki ijayo, saa nane mchana, tutaisoma sehemu ya kwanza ya mji ule wa machimbo, kisha kisa kimoja cha Spearman, katika ukumbi mdogo wa idara. Mlango uko wazi kwa wote, wakiwamo wasio wanafunzi. Kama nyumbani kwa baba au babu kuna African Film, Film Tanzania, au riwaya yoyote ya upelelezi ya miaka ile, njoo nayo hata kama imekosa jalada, hata kama imebaki nusu. Mikono iwe mikavu, na chai tutakunywa nje.